Ndiyo Mbili kwa Kurt Halvorsen

Jumatano, 30 Aprili 1986

Imetokea. Kwangu! Mimi!

Naandikia bafuni, ndiko kwenye komeo. Mama ameshagonga mara mbili. Kurt Halvorsen amepiga simu. Kurt wa timu ya kuogelea, yule ambaye ikifika Aprili dawa ya bwawa humgeuza nywele za njano zikawa kijani kidogo. Kwenye Kemia anakaa mbele yangu. Mwaka mzima nimeisoma shingo yake kuliko kitabu.

Simu yenyewe ilidumu dakika moja. Si kwa kupenda kwangu. Tangu Jumatatu, tuliposikia kwenye taarifa kwamba mtambo wa nyuklia umelipuka kule Ukraine, Mama anasubiri simu ya Shangazi kutoka Poland, jirani na Ukraine, na hakuna anayeruhusiwa kushika laini. Kwa hiyo Kurt yuko sikio la kulia kwa Kiingereza cha hapa Marekani, Mama yuko sikio la kushoto kwa Kipolandi — nani huyo, ni Shangazi, kama si Shangazi weka chini! — na mimi katikati, jasho hadi magotini.

Kurt akasema, eti, kama sina mtu, tarehe kumi na saba, ile Dansi Kuu ya shule, yaani kama ningependa kwenda naye.

Nikasema ndiyo. Mara mbili! Halafu Mama akaikata simu kwa kidole chake mwenyewe.

Kwenye zile filamu ninazoangalia na rafiki yangu Jola pale sinema ya kwenye maduka, msichana mwenye haya husubiri saa moja na nusu kabla hajapewa nafasi ya kusema hata hayo mawili. Mimi nimemaliza kabla ya chakula cha jioni.

Bibi ameleta mkanda wa kupimia. Hakuuliza mvulana ni nani. Ameuliza kiuno.

Alhamisi, 1 Mei

Kurt hakunitazama. Kemia nzima ni shingo tu, na shingo ilikuwa nyekundu. Nimejipa moyo. Wavulana wa filamu wanaopenda kweli hawamtazami msichana mpaka filamu ifike nusu. Inabidi kwanza waegemee gari. (Kurt ana gari la mama yake, la kahawia, lenye kiti cha mtoto nyuma. Ataegemea hilohilo.)

Mwalimu akaita majina. "Bonnie Kurek." Nipo. Jina langu ni Bogumila, nyumbani Bogna. Siku ya kwanza shuleni hapa, miaka mitatu iliyopita, mwalimu mmoja alisoma karatasi, akakunja uso, akasema "Bonnie", na mimi nikasema nipo. Tangu hapo huyo Bonnie yupo. Ana kadi ya maktaba. Nina lugha mbili, na katika zote mbili sijawahi kumwambia mtu kuwa amekosea.

Ijumaa, 2 Mei

Nataka kufa. Si kwa kutia chumvi. Nimekaa chini ya kitanda changu na naandikia humu.

Asubuhi Marcy Vandersloot amekuja kwenye kabati langu. Marcy ambaye kwa miaka mitatu amenipita kama anavyoupita mtungi wa kuzimia moto. Alikuwa mpenzi wa Kurt mpaka Februari.

— We ndiye Bonnie, sivyo? Ndiye uliyemkataa Kurt?

— Nimefanya nini?

— Usijifanye, shosti! Glenn wa kuogelea ameniambia, na Glenn ameambiwa na Kurt mwenyewe. Kakuuliza vizuri, na wewe, "No! No!" Mara mbili! Halafu paa, simu chini. Mimi nimeachana naye kabisa, na hata siku ile sikumfanyia hivyo!

Na alikuwa anacheka kwa furaha kama mtu aliyeletewa keki.

Nikasimama pale. Ikanijia polepole, kama maji ya baridi yanavyopanda ukiwa umejilaza kwenye beseni.

Mama ananifokea kwa Kipolandi. Kichwa changu kiko kwa Kipolandi. Na kwa Kipolandi, *no* ni ndiyo. Si ndiyo ya kanisani, hiyo ni nyingine. Ni ndiyo ya jikoni, ya mdomo uliojaa mkate: mm, ee, sawa, bila shaka. Bibi huisema mara mia kwa siku. *No, no!* — ndio hivyo, ndio hivyo, mpenzi!

Kwa Kiingereza hata mtoto wa miezi kumi anajua maana yake.

Nilifungua mdomo nimweleze Marcy. Akanishika mkono. "Njoo ukae na sisi leo," akasema. Meza yao iko dirishani. Mimi kwa kawaida nakula kwenye ngazi za nyuma ya karakana, na vitunguu vya sandwichi yangu vinanisaidia kutosumbuliwa.

Nikaufunga mdomo. Nikaenda.

Jumamosi, 3 Mei

Shule ya Kipolandi, kule chini ya kanisa, kama kila Jumamosi tangu nikiwa na miaka sita. Leo ni sikukuu ya taifa ya Poland, kwa hiyo tulisimama tukaimba juu ya nchi ambayo nusu yetu hatujawahi kuiona. Niliimba kwa kuchezesha midomo.

Jola nilimweleza chooni. Alicheka mpaka akakaa sakafuni, na sakafu ya kile choo hakuna mtu wa kuikalia.

— Yaani umemwambia ndiyo, akasikia hapana, na sasa unakula na wale wa dirishani kwa sababu ya hapana ambayo hukuisema!

— Usipige kelele.

— Bogna, we mzima? Mwambie! Sentensi moja!

— Atanicheka.

— Kwani sasa anayechekwa si yeye? Halafu nyumbani wanajua nini?

Hilo ndilo. Nyumbani wanajua kuwa naenda. Bibi ameshakata kitambaa. Bluu iliyofifia, "rangi ya mboni ya paka", anavyosema yeye. Shuleni mimi ndiye msichana asiyehitaji Dansi. Nyumbani mimi ndiye msichana ambaye tayari ana mkono mmoja wa gauni.

Jumatatu, 5 Mei

Shangazi alipiga jana. Wazima. Watoto wamenyweshwa dawa ya madini joto ya kukinga mionzi, na Shangazi kwa dakika kumi na nne alilalamikia foleni na kwa nusu dakika alilalamikia mionzi. Mama alilia, kisha akaoka keki.

Sasa lililo baya. Ninaliandika kwa sababu nikiliacha litanioza.

Kwenye kantini wavulana wa kuogelea wamebuni mchezo. Kurt akipita na trei, Glenn anaweka ndizi sikioni: "Haloo? Bwana Halvorsen? No! No! Paa!" na anaibamiza ndizi mezani. Wengine wanaitikia. Leo hata mama mmoja wa kugawa supu aliuliza kuna nini, wakamweleza, naye akacheka.

Masikio ya Kurt yalikuwa mekundu chini ya zile nywele za kijani. Akaenda kula peke yake kwenye ngazi za nyuma ya karakana. Ngazi zangu!

Na meza yetu ilicheka. Na mimi nilicheka. Si kwa nguvu. Lakini nilicheka, meno yalionekana.

Jumatano, 7 Mei

Marcy na wenzake wamenitengeneza. Kwenye filamu hii ndiyo sehemu yenye muziki. Kwetu ulikuwepo mlio wa feni ya choo cha ghorofa ya pili. Wamenipaka rangi juu ya macho, wamenivua miwani.

— Jamani, kumbe una macho!

Ninayo. Ila hayaoni. Mchana nimemsalimia kwa tabasamu kubwa bango la kuchangia damu. Mwalimu wa Historia aliandika ubaoni maswali matano, mimi nikajibu manne ambayo hayakuwepo. Marcy anasema nakuwa mtu mwingine. Naamini. Huyo mwingine amegonga goti kwenye kila dawati.

Gauni lina mikono yote miwili.

Ijumaa, 9 Mei

Nimeandika barua kwa Kurt. Kurasa tatu. Ukurasa wa kwanza ni sarufi ya Kipolandi. Nimeichana.

Jumamosi, 10 Mei

Leo nilimpeleka Bibi duka la vitambaa kununua zipu na lesi. Bibi ana miaka tisa Marekani na maneno kumi ya Kiingereza, manne kati yake ni ya bei.

Muuzaji alikuwa dada mmoja mwenye aproni ya kazi na pini mdomoni. Akamwonyesha Bibi lesi nyeupe. "Hii?" Bibi uso mzima ukang'aa. *"No, no!"*

Dada akairudisha lesi kwenye rafu.

Bibi akamtazama. Akainyooshea kidole. Dada akaishusha tena, kwa subira. "Hii?" *"No!"* — kwa furaha, kwa moyo wote. Dada akairudisha tena. Mara ya tatu akaleta ya krimu, Bibi akatikisa kichwa, akaonyesha ile nyeupe, dada akauliza una uhakika, Bibi akasema *"No pewnie!"*, yaani bila shaka, na lesi ikarudi juu.

— Binti huyu ana nini? Bibi akaniuliza. Namwambia ndiyo, ananyang'anya. Amegombana na mumewe?

Watu wawili nyuma yetu kwenye foleni walikuwa wanacheka. Walikuwa wanamcheka bibi yangu. Kicheko kilekile cha kwenye kantini, kisichokuwa na nguvu, meno tu.

Nikasema. Kwa Kiingereza, kwa sauti, hata mimi nilishtuka: "Anasema ndiyo. Kwa lugha yetu hiyo ni ndiyo. Anaitaka hiyo lesi, yadi mbili, na tafadhali usiirudishe tena."

Dada akawa mwekundu. Akasema samahani, hakujua. Basi. Ilimchukua sekunde moja kuelewa. Sekunde moja!

Njiani Bibi alinishika kiwiko. "Kumbe una sauti," akasema. "Ya babu yako hasa, alipokuwa anauza ng'ombe."

Jumatatu, 12 Mei

Leo namwambia Kurt.

(Baadaye.) Sikumwambia.

Jumanne, 13 Mei

Vivyo hivyo. Nilifika hadi kwenye mlango wa bwawa. Harufu ya dawa. Kocha akauliza nimepotea? Nikasema ndiyo. Ndiyo ya Kiingereza, angalau.

Alhamisi, 15 Mei

Acha niandike kwa utaratibu.

Kantini. Kurt anapita na trei. Glenn anachukua ndizi. Mimi niko dirishani, bila miwani, naona rangi tu: ya njano ya ndizi, ya kijani ya kichwa. Na Marcy akasema:

— Glenn, mpe mwenyewe! Bonnie, hebu tufanyie. Sauti yako ileile!

Ndizi ikaja mkononi mwangu. Meza za jirani zikageuka. Kurt akasimama na trei yake katikati, kwa sababu njia ilikuwa imezibwa na kiti cha mtu.

Nilitoa miwani mfukoni kwanza. Nilitaka kumwona.

Uso wake haukuwa na hasira. Ungekuwa na hasira ningeweza kukaa chini. Alikuwa anasubiri tu, kama mtu anayesubiri sindano ya daktari: haya, malizeni.

Nikasema: "Nilisema ndiyo."

Mtu akacheka. Marcy akasema, siyo hivyo, shosti, ile ya kweli. Nikasema tena. Nikaeleza kila kitu, nikiwa na ndizi mkononi: Mama, simu, Shangazi, *no* ya Kipolandi, *no* ya Kiingereza. Sauti ya kuuza ng'ombe ilinikimbia katikati, nikamalizia na ya panya. Na hili pia nilisema: kwamba nilijua tangu siku ya tatu, nikanyamaza, kwa sababu ya hii meza.

Kwenye filamu hapa mtu mmoja anaanza kupiga makofi, polepole, halafu mwingine, halafu ukumbi mzima. Nilingoja kidogo. Mtu aliangusha uma.

Kurt akasema, taratibu:

— Hakuna lugha duniani ambayo *no* ni ndiyo.

— Ipo.

— Na umeigundua leo asubuhi?

— Naiongea nyumbani, tangu—

— Sawa. Ni nzuri. Hii ni nzuri kuliko ya ndizi. Mmekaa wangapi kuitunga?

Akaiweka trei kwenye meza ya kwanza aliyoiona, supu na yote, akatoka. Alidhani bado tunamchezea! Wiki mbili wamemfanya asiamini chochote kitokacho kwenye meza ile, na mimi nimesimama kwenye meza ile kumwambia kweli.

Marcy hakukasirika hata. Alinitazama kama unavyotazama maziwa yaliyopitwa na tarehe. "Kwa hiyo hukumkataa," akasema. "Ulikosea tu." Niliporudi kutoka kutupa ndizi, kwenye kiti changu kulikuwa na mkoba wa mtu.

Saa ya Kemia. "Bonnie Kurek."

Sikusema nipo. Mwalimu akainua kichwa. "Bonnie?"

— Bogumila, nikasema. Naitwa Bogumila. Tangu mwaka wa kwanza.

Akaniomba nilitaje herufi kwa herufi, akaliandika kwenye daftari lake kwa kalamu nyekundu. Mbele yangu shingo haikugeuka. Lakini sikio moja lilisogea. Naapa lilisogea.

Ijumaa, 16 Mei

Leo nimewaambia Mama na Bibi. Nilikuwa nimesimama juu ya kiti, Bibi chini yangu anakunja pindo, mdomo umejaa pini. Mahali pabaya pa kukiri jambo lolote.

Mama alikaa chini. Halafu akaanza kucheka, halafu akakumbuka ni nani aliyekuwa anafoka siku ile, akaacha. "Kwa hiyo ni mimi," akasema. Nikasema si wewe, Mama. Simu ni wewe. Wiki mbili ni mimi.

Bibi alitoa pini moja moja, bila haraka.

— Sijaelewa kosa liko wapi. Umeulizwa, umesema ndiyo.

— Kasikia hapana, Bibi.

— Basi asikie tena.

— Nimemwambia. Haamini.

— Ulimwambia wapi?

— Kantini. Mbele ya watu wote.

— Mbele ya waliokuwa wanamcheka? Bibi akauliza, kisha akarudisha pini mdomoni, akaendelea na pindo, na akanigeuza robo duara kama mwanasesere. Alikuwa amemaliza.

Jumamosi, 17 Mei. Kwa akina Halvorsen. Saa kumi na moja na dakika ishirini jioni.

Niko sebuleni kwao! Daftari lilikuwa kwenye mkoba. Nimeambiwa nikae, nimekaa, na nisipoandika nitakimbia.

Mama kanileta kwa gari, Bibi kiti cha nyuma na sindano yenye uzi tayari, maana bega la kushoto bado lina mishono mirefu ya kushikizia. Wamesimama ng'ambo ya barabara. Mama ameapa hatapiga honi. Ameshapiga moja.

Barabarani sikufikiria nitasema nini. Nilifikiria tu nisipande juu ya pindo.

Mama yake Kurt alifungua mlango akiwa na glavu za jikoni. Aliangalia gauni, akaangalia barabara, akaangalia gauni. Nikasema nimekuja kumwona Kurt. "Lakini mwanangu," akasema, "Kurt ametuambia haendi popote leo." Hakulisema kwa ubaya. Akanikaribisha ndani kama mtu anayepokea kifurushi kilicholetwa nyumba siyo. Baba yake anaangalia besiboli. Amenipungia mkono, amepunguza sauti ya televisheni, na sasa anajifanya bado anaangalia besiboli. Mbwa wao ananusa lesi yadi mbili.

Mama mtu akaenda chini ya ngazi, akaita juu:

— Kurt! Una mgeni!

— Nani?

Akanigeukia: "Unaitwa nani, mpenzi?" Nikamwambia. Akalijaribu kimyakimya kwanza, midomo tu. Kisha akaita, na amelikosea mahali pamoja tu:

— Bogumila!

Mchezaji wa besiboli amepiga mpira mahali, watu wameshangilia kwa sauti ya chini, baba mtu hakugeuka.

Mlango umefunguka huko juu. Hatua. Moja, mbili, nyingi. Zimefika kwenye kichwa cha ngazi, zimesimama. Kutoka nilipokaa naona soksi. Nyeupe, moja imetoboka kidole. Si soksi za mtu aliyevaa suti.

Kwenye filamu, msichana ndiye anayeshuka ngazi, na mvulana yuko chini, mdomo wazi, ua mkononi. Hakuna filamu niliyoiona yenye msichana chini na soksi juu.

— Mama, amesema Kurt. Si mimi anayeambiwa. — Yuko na nani?

— Peke yake.

— Marcy hayupo nje?

Mama mtu amechungulia dirishani. "Kuna mama mmoja na bibi mmoja mzee," amesema. "Bibi anatupungia mkono."

Soksi yenye tundu imesogea, kidole kimejificha.

— Mwulize amekuja kufanya nini.

Na mama yake amenigeukia, glavu mkononi, macho yake mazuri sana, mazuri kuliko nilivyostahili: "Anauliza, mpenzi, umekuja kufanya nini."

Nimemwambia asante, nitamjibu mwenyewe. Ameondoka pale chini ya ngazi na kunipisha. Ngazi ni kumi na tatu, nimezihesabu nikiwa nimekaa, na bega la kushoto limeanza kuachia uzi. Daftari naliacha hapa kwenye kochi. Mbwa, usile. Nasimama